UZI: Leseni ya unasihi Texas kwa sisi tuliosomea nyumbani. Digrii ni nusu ya safari, saa 3,000 ndizo zinazokamata watu

Binti_Ujiji (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kwenye makundi yetu ya Wabongo na Wakenya huku Dallas haipiti wiki bila mtu kuuliza: nina digrii ya ualimu, au ya saikolojia, au ya sosholojia, nimechoka kubeba boksi, nasikia kazi ya ushauri nasaha ina heshima na huinui mgonjwa, naanzia wapi? Majibu anayopewa sasa! Mmoja atamwambia kuna kozi ya wiki sita mtandaoni, mwingine atamwambia bila PhD asijisumbue. Wote wawili wanampoteza.

Mimi nina leseni ya LPC Associate hapa Texas (LPC ni Licensed Professional Counselor, mnasihi mwenye leseni; Associate ni ngazi ya kwanza, bado unasimamiwa) na bado nahesabu saa zangu, kwa hiyo naandika ninachokijua cha Texas. Marekani haina leseni moja ya unasihi ya nchi nzima. Kila jimbo lina sheria yake. Virginia ilianza mwaka 1976, California ikawa ya mwisho, mwaka 2009. Hata jina la leseni linabadilika ukivuka mpaka: Texas ni LPC, New York na Florida ni LMHC, Illinois ni LCPC, California na Ohio ni LPCC. Mtu akikuambia "Marekani wanataka hivi," muulize jimbo gani.

Haya, Texas. Sheria yenyewe ni Sura ya 503 ya sheria ya taaluma za jimbo, na tangu 2020 anayepokea maombi ni Texas Behavioral Health Executive Council, wengi tunaiita BHEC. Chini yake kuna bodi nne: ya wanasihi, ya wanasaikolojia, ya wataalamu wa ndoa na familia, na ya maafisa ustawi wa jamii. Kanuni zao ziko wazi mtandaoni bure. Zisome kabla hujamsikiliza mtu yeyote, mimi nikiwemo.

Wanachotaka kwanza ni shahada ya uzamili ya unasihi au fani inayokaribiana nayo, yenye krediti zisizopungua 60. Hapo ndipo pa kuwa macho, maana zipo programu za krediti 48 na nyingine za 36, zina jina zuri la "saikolojia" au "unasihi wa kichungaji", na ada yake inavutia. Ukimaliza unakuta umenunua cheti kisichofungua mlango. Ndani ya hizo krediti lazima uwe na mazoezi ya vitendo yasiyopungua saa 300, na kati yake saa 100 ziwe za kukaa na mteja mwenyewe. Programu yenye ithibati ya CACREP, chombo kinachokagua programu za unasihi, inakuvusha hapo bila wasiwasi, kwa sababu CACREP wenyewe wanadai saa 100 za awali kisha 600 za intaneshipu. Texas haimlazimishi mtu kusoma CACREP, lakini kama unafikiria kuhama jimbo siku za usoni, mimi ningeitafuta hiyo hiyo.

Kisha mtihani. Kuna mitihani miwili ya kitaifa, NCE na NCMHCE, unachagua mmoja. NCE ni maswali 200 ya kuchagua jibu, 160 tu ndiyo yanayohesabiwa, 40 wanayajaribia, na hutajua ni yapi. NCMHCE inakupa visa vya wagonjwa na kukuuliza ungefanya nini. Juu ya hapo kuna mtihani wa sheria za Texas unaofanyia mtandaoni, alama za vidole, ripoti yako kutoka hifadhidata ya kitaifa ya wahudumu wa afya (hata kama hujawahi kufanya kazi ya afya, unaomba ripoti inayosema huna kitu), na makubaliano ya maandishi na msimamizi. Msimamizi lazima awe LPC-S, yaani LPC aliyeidhinishwa kusimamia wengine. Yule LPC wa kawaida rafiki yako wa kanisani hatoshi.

Ukipita hapo unapewa leseni ya LPC Associate. Zamani waliitwa LPC Intern, sasa jina hilo halipo. Watu wanapiga picha na kofia ya mahafali wanadhani wamefika. Bado. Sasa unaanza kuhesabu saa 3,000 chini ya usimamizi, 1,500 kati ya hizo ziwe za mteja moja kwa moja, na huruhusiwi kumaliza kabla ya miezi 18 hata ukifanya kazi usiku na mchana. Kila mwezi unakaa na msimamizi saa 4 au zaidi. Kila tangazo lako, kila kadi, lazima iandikwe kwamba wewe ni Associate na jina la anayekusimamia.

Na pesa? Wasimamizi wengi wanalipwa na Associate mwenyewe kutoka mfukoni, kila mwezi. Kampuni nyingi za bima hazimlipi Associate moja kwa moja. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho una uzamili, una leseni ya kwanza, na mshahara wako unaweza usimzidi yule uliyemwacha kwenye boksi. Jiandae kwa kipindi hicho kabla hujaanza. Hilo ndilo lililonifanya niandike uzi huu.

Ulizeni.

---

Msafiri_Mwanga

Nondo kama hizi ndizo tunazotaka. Naweka kambi hapa.

---

Kaka_wa_Kitale

Asante sana dadangu. Mimi nilisomea ualimu Eldoret, Kiswahili na Historia, miaka minne. Niliajiriwa na TSC, nikafundisha, nikashika pia idara ya ushauri nasaha shuleni kabla ya kuja huku. Sasa nauliza mawili. Digrii ya ualimu itakubalika kuingia uzamili wa unasihi ama ni lazima nirudi nyuma nisome saikolojia? Na ile miaka ya kushauri wanafunzi itahesabiwa kwenye hizo saa?

---

Binti_Ujiji

Kaka, la kwanza jibu lake ni zuri. Programu nyingi za uzamili wa unasihi hazijali shahada ya kwanza ilikuwa ya nini, zinataka tu iwe shahada kamili. Baadhi zitakudai somo moja au mawili ya msingi, saikolojia ya utangulizi au takwimu, unaweza kuyachukua kwenye chuo cha jamii kwa bei nafuu. Utahitaji tathmini ya vyeti. Chuo kitakuambia kinakubali kampuni ipi, WES wanajulikana lakini wapo wengine. Usitume pesa ya tathmini kabla chuo hakijakutajia jina, na uliza kama wanataka tathmini ya somo kwa somo au ya jumla, bei hazifanani. Anza kuhangaikia transkripti ya nyumbani mapema, ikiwezekana mpate ndugu wa kwenda ofisi ya msajili kwa miguu yake, maana barua pepe peke yake inaweza kukaa hadi ukasahau.

La pili, pole. Saa zinazohesabiwa ni zile ulizofanya baada ya kupata leseni ya Associate, chini ya LPC-S. Uzoefu wa nyumbani utakusaidia kwenye barua ya kuomba nafasi chuoni na kwenye usaili wa kazi. Kwenye hesabu ya BHEC ni sifuri.

---

Kaka_wa_Kitale

Sifuri kabisa! Haya. Lakini kuna njia ya shule, si ndiyo? Ushauri nasaha wa shuleni.

---

Binti_Ujiji

Ipo, na ni mlango mwingine kabisa. Mshauri wa shule za umma Texas hapewi leseni na BHEC, anapewa cheti na upande wa elimu, wale wanaothibitisha walimu. Uzamili wake ni krediti 48, kisha mtihani wao. Zamani walikuwa wanadai pia uwe umefundisha darasani miaka miwili, sheria ya 2023 ikaondoa sharti hilo. Kwa mwalimu kama wewe ningeiangalia kwa makini sana. Ratiba ya shule, likizo ya shule, bima ya wilaya, na hukimbizani na saa 3,000. Ukitaka baadaye kufungua ofisi yako na kutibu watu wazima, hapo utahitaji LPC, kwa hiyo wapo wanaosoma 60 moja kwa moja wakabaki na milango yote miwili.

---

Sista_Shifti

Naomba niwe mchawi wa uzi. Mimi ni RN, muuguzi aliyesajiliwa. Takwimu za serikali za Mei 2024 zinaonyesha mshahara wa kati wa wanasihi wa afya ya akili na uraibu ni dola 59,190 kwa mwaka, wauguzi waliosajiliwa ni dola 93,600. Uuguzi unaweza kuupata kwa diploma ya miaka miwili. Nyie mnasoma uzamili, mnafanya mitihani, mnamlipa msimamizi, halafu mnapata kiasi hicho. Mtu mwenye familia ya kulisha Singida na nyingine hapa Arlington, kwa nini nimshauri hivyo?

---

Binti_Ujiji

Dada, huo si uchawi, ni hesabu. Na namba zako ni sahihi. Mtu anayetafuta pesa kwanza aende uuguzi, namwambia bila kupepesa. Nitaongeza tu kwamba hiyo 59,190 inachanganya watu wa ngazi zote, wakiwemo wasio na uzamili, na LPC kamili mwenye ofisi yake anaweza kupita hapo. Pia tangu tarehe 1 Januari 2024 Medicare, bima ya serikali ya wazee, inawalipa wanasihi wenye leseni kamili, jambo ambalo taaluma imelipigania miaka mingi. Wazee ni wateja wengi. Lakini ofisi binafsi ni biashara: kuna kodi ya chumba, kuna wiki ambazo wateja watatu wanaahirisha siku moja. Sitampamba mtu.

---

Mama_Wawili_Irving

Mimi nina kazi ya kutwa na watoto wawili. Naweza kusoma jioni, hilo nimeshaliona, vyuo vipo. Swali langu ni hizo saa 3,000. Je, naweza kuzifanya jioni na Jumamosi?

---

Binti_Ujiji

Mama, piga hesabu na mimi. Kumaliza kwa miezi 18 kunataka karibu saa 38 au 39 kila wiki bila kuugua wala kusafiri, na kati ya hizo 19 hivi uwe umekaa na mteja. Hiyo ni kazi ya kutwa. Sasa chukua wewe wa jioni na Jumamosi: tuseme unaweza wateja 8 kwa wiki. 1,500 gawanya kwa 8 ni wiki 187, miaka mitatu na nusu na zaidi. Na huko kote unamlipa msimamizi. Inaruhusiwa, wapo wanaofanya hivyo. Lakini wengi ninaowafahamu wenye familia waliamua kwamba siku ya kupata Associate ndiyo siku ya kuacha kazi ya zamani na kuingia kwenye kituo cha afya ya akili cha jamii, mahali ambapo wateja wapo tele na mara nyingine msimamizi ni mfanyakazi wa hapo hapo, hulipi. Mshahara wa vituo hivyo si wa kujivunia, ila saa zinakimbia. Weka akiba kwa ajili ya kipindi hicho wakati unasoma.

Kitu kingine: mazoezi ya vitendo ya chuoni mara nyingi hayalipwi na yanafanyika mchana. Watu wanajipanga kwa ajili ya masomo ya jioni wanasahau kwamba mwaka wa mwisho watatakiwa kituoni saa nne asubuhi siku ya Jumanne. Muulize mratibu wa programu kabla hujajiunga: je, mna vituo vinavyopokea wanafunzi jioni na mwisho wa wiki? Akianza kuzunguka, umepata jibu.

---

Mama_Wawili_Irving

Hilo la mchana hakuna aliyewahi kuniambia. Ubarikiwe.

---

Mchungaji_Garland

Wanangu, amani iwe nanyi. Nimekuwa nikishauri wanandoa na vijana katika kanisa letu kwa miaka mingi. Hivi karibuni muumini mmoja ameniambia navunja sheria ya Texas kwa sababu sina leseni. Je, ni kweli? Na kuna taasisi mtandaoni inaniuzia cheti cha "mshauri wa Kikristo aliyeidhinishwa", wanasema kinatambulika majimbo yote 50.

---

Binti_Ujiji

Shikamoo Mchungaji.

Muumini wako amekosea, ila alikuwa na nia njema. Sheria ya Texas inamwachia kiongozi wa dini kushauri waumini kama sehemu ya huduma yake, mradi asijiite mnasihi mwenye leseni wala kujitangaza hivyo. Kwa hiyo endelea na wanandoa wako. Usiandike mlangoni jina linalofanana na la leseni, na usianze kutoza watu wa nje ada ya vikao ukasema ni tiba.

Hicho cheti, Mchungaji, kinaweza kuwa na mafundisho mazuri, sijui. Lakini leseni hutolewa na jimbo, na hakuna jimbo hata moja linalotoa leseni inayotambulika majimbo yote 50. Anayeuza kwa maneno hayo anakuuzia fremu. Pesa hiyo ingetosha kumlipia kijana wako mmoja wa kanisani kozi ya mhudumu wa afya ya jamii, ambayo Texas wanaitambua, saa 160, na akatusaidia na familia zilizofika kutoka kambi za wakimbizi.

---

Mchungaji_Garland

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa. Hiyo ya kijana nitaifikisha kwa wazee wa kanisa.

---

Mwana_Bukavu

Jambo bandugu wote. Mimi niko Fort Worth, natoka Bukavu, nilipita Burundi kambini. Nilisoma graduat miaka mitatu na licence miaka miwili, saikolojia, mfumo wa zamani. Sasa ni mkalimani. Kila siku naketi katikati ya mnasihi na mama wa kwetu, nasema maneno ya mama kwa Kiingereza, narudisha ya mnasihi kwa Kiswahili, na naona vitu vingi vinapotea njiani. Ninataka kuwa mimi mwenye kuketi kwa kiti cha mnasihi. Lakini karatasi zangu ni za Kifaransa, na moja ilibaki chuoni. Ninaanza wapi?

---

Binti_Ujiji

Kaka Mwana_Bukavu, tunawahitaji watu kama wewe kuliko unavyodhani. Kwa miaka kadhaa Wakongo ndio walikuwa kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi wanaoingia Marekani, na Fort Worth na Abilene wamejaa watu wa kwetu wanaoongea Kiswahili. Wanasihi wenye leseni wanaokiongea wanahesabika kwa vidole.

Karatasi: peleka vyote viwili kwenye tathmini, graduat na licence, pamoja na orodha za alama za kila mwaka. Wapo waliopeleka graduat peke yake wakahesabiwa kama hawana shahada kamili. Tafsiri ya Kiingereza ifanywe na mfasiri aliyethibitishwa, na wewe kwa kuwa ni mkalimani utajaribiwa kujitafsiria, usifanye, hawakubali. Cheti kilichobaki chuoni: WES wana utaratibu maalumu kwa baadhi ya wakimbizi na watu waliohamishwa ambao hawawezi kupata nyaraka zao kwa njia ya kawaida. Waulize kwanza kama unawahusu waliosoma Kongo, na uliza kama chuo unachokitaka kinapokea ripoti ya namna hiyo.

Pesa: kama una hadhi ya ukimbizi au grinkadi, unastahili kujaza FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa masomo, na kupata mkopo wa serikali kuu kama mwananchi. Hapa sikiliza vizuri, sheria imebadilika. Kwa wanaoanza kukopa kuanzia tarehe 1 Julai 2026, ule mkopo wa Grad PLUS uliokuwa unafunika gharama yote haupo tena. Uzamili kama wetu una kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Chuo binafsi cha bei mbaya kinaweza kuzidi hapo, kwa hiyo chuo cha umma cha Texas, ukiwa mkazi wa jimbo, kipe nafasi ya kwanza. Baadaye ukifanya kazi kwenye shirika lisilo la faida au la serikali, malipo 120 ya kila mwezi yanakupa haki ya kusamehewa kilichobaki. Na LPC ni miongoni mwa leseni zinazokubalika kwenye mpango wa National Health Service Corps wa kulipia mikopo watu wanaofanya kazi kwenye maeneo yenye uhaba.

Wakati unasubiri, usibaki kwenye ukalimani peke yake. Tafuta kazi inayoitwa QMHP kwenye vituo vya afya ya akili vya jamii. Inataka shahada ya kwanza ya saikolojia au fani jirani, mwajiri ndiye anayekupima na kukuidhinisha. Utakuwa na wateja wako, utajifunza namna ya kuandika kumbukumbu za mgonjwa, na chuo kitakuona mtu wa ndani.

---

Mwana_Bukavu

Aksanti sana dada. Hii ya QMHP hata kwa kazi yangu hawajaniambia, na ofisi ni jengo moja.

---

Nyangumi

Naheshimu mleta uzi lakini nawapinga wote. Nendeni MSW, uzamili wa ustawi wa jamii. Ukimaliza tu uzamili na kufaulu mtihani unapata LMSW, leseni ya afisa ustawi wa jamii, na unaajirika hospitalini, shuleni, magerezani, mahakamani, jeshini. LPC Associate huyo huyo anahangaika kutafuta msimamizi. Kisha ukitaka tiba unatafuta LCSW, leseni ya juu yake, saa hizo hizo 3,000. Medicare ilikuwa inawalipa LCSW miongo mitatu kabla hawajawakumbuka wanasihi. Tena majimbo mengi yanatumia jina hilo hilo la LCSW, herufi hazibadiliki badiliki kama zenu, utadhani namba za gari.

---

Binti_Ujiji

Nyangumi, sina ubishi mkubwa. Kwa mtu asiye na uhakika kama anataka kukaa na wateja maisha yake yote, MSW ina uwanja mpana zaidi. Ila kwa LCSW ya Texas saa zile haziishi kabla ya miezi 24, kwetu ni 18. Na masomo yenyewe hayafanani: MSW utasoma sera, jamii, mifumo ya huduma, tiba ikiwa sehemu. Kwetu karibu kila somo linarudi kwenye chumba chenye viti viwili. Mimi najijua, sera zingenilaza usingizi.

---

Nyangumi

Haya, tumekubaliana kutokubaliana. Ila magerezani wanalipa vizuri, msije mkasema sikuwaambia.

---

Dogo_F1

Wakubwa shikamooni. Niko na viza ya mwanafunzi, F-1, namaliza shahada ya kwanza Denton. Nataka kuunganisha uzamili wa unasihi. Mshauri wa chuo ameniambia hakuna shida, wanafunzi wa kigeni wanapokelewa.

---

Binti_Ujiji

Mdogo wangu, marahaba. Amekuambia kweli kuhusu kuingia. Hajakuambia kuhusu kutoka.

Mazoezi ya chuoni utayafanya kwa CPT, kibali cha kufanya kazi ukiwa bado unasoma, sawa. Ukihitimu una OPT, kibali cha kufanya kazi baada ya masomo, cha miezi 12. Unasihi wa afya ya akili haumo kwenye orodha ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), kwa hiyo ile nyongeza ya miezi 24 wanayopata wenzako wa kompyuta huna. Saa za Associate haziwezi kuisha kabla ya miezi 18. Umeona tundu lilipo? Hata kila kitu kikienda sawa, miezi sita ya mwisho huna kibali cha kufanya kazi, na hapo sijaweka wiki za kusubiri leseni itoke wakati saa ya OPT inagonga. Utahitaji mwajiri wa kukuombea H-1B, viza ya kazi, ukiwa bado Associate.

Sikuambii uache. Kama unapanga kurudi nyumbani, uzamili wenyewe ni mali. Kama unapanga kubaki, zungumza na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kulipa ada ya muhula wa kwanza. Mshauri wa udahili kazi yake ni kujaza viti.

---

Dogo_F1

Dah. Hii ingekuja kunikuta mwaka wa tatu. Na nikirudi Nairobi, leseni ya Texas inanisaidia?

---

Kaka_wa_Kitale

Nimjibu huyu kijana. Kenya tuna sheria yetu, Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na bodi yake ya kusajili. Utajisajili huko kama kila mtu, shahada yako ikitambuliwa kwanza. Usifike na karatasi ya Texas ukafungua ofisi Westlands.

---

Binti_Ujiji

Sahihi. Na kinyume chake pia: ukiwa na leseni ya Texas usimtibu kwa video mtu aliyekaa Oklahoma, sembuse Mombasa, ukidhani umefunikwa. Kinachoangaliwa ni mahali alipo mteja. Kuna mkataba wa majimbo unaitwa Counseling Compact wa kurahisisha hili kwa majimbo yaliyojiunga, na nao unadai krediti 60. Sababu nyingine ya kukimbia programu za 48.

---

Mpemba_Columbus

Na kwa tuliokuwa nje ya Texas?

---

Binti_Ujiji

Sheikh wangu, Ohio sina uzoefu nayo, soma kanuni za bodi yenu. Ninachoweza kukupa ni maswali matatu ya kuwauliza: krediti ngapi, saa ngapi baada ya digrii, na nani anaruhusiwa kunisimamia. Majibu yanatofautiana sana. Minnesota kwa LPCC wanataka saa 4,000.

---

Kijana_wa_Lewisville

Mimi sina digrii yoyote, nina diploma ya miaka miwili ya chuo cha jamii hapa hapa. Nina historia na pombe, nimeacha, nataka kusaidia wenzangu. Nimefungiwa nje?

---

Binti_Ujiji

Hapana ndugu yangu, na hongera kwa kuacha. Wewe angalia LCDC, leseni ya wanasihi wa uraibu. Inasimamiwa na idara nyingine, Health and Human Services Commission. Diploma ya miaka miwili inatosha, pamoja na saa 270 za masomo ya uraibu, saa 300 za vitendo, kisha saa 4,000 za kazi chini ya usimamizi ukiwa unalipwa kama mwanafunzi wa kazi, na mtihani. Saa ni nyingi, lakini unazifanya huku ukipokea mshahara, na huna deni la uzamili. Kama pombe ilikuletea kesi yoyote, usiifiche kwenye fomu, alama za vidole zitaileta. Waandikie mapema waulize kabla hujasoma.

---

Kijana_wa_Lewisville

Kesi ipo moja, ya kuendesha nimekunywa. Nitawaandikia.

---

Mama_Wawili_Irving

Mleta uzi, nimewaandikia vyuo vitatu swali moja tu: programu yenu ya mtandaoni inatimiza masharti ya LPC Texas, ndiyo au hapana? Cha kwanza wamenijibu ndiyo na kunitumia ukurasa wenye orodha ya majimbo. Cha pili wamesema "wahitimu wetu wanafanya vizuri nchi nzima." Cha tatu wananipigia simu kila siku wananipa punguzo la ada nikijiunga kabla ya Ijumaa.

---

Binti_Ujiji

Sheria ya serikali kuu inavitaka vyuo vitaje wazi jimbo kwa jimbo kama programu inafikisha kwenye leseni au la. Wa kwanza wametii. Wa pili waulize tena kwa maandishi, mara moja tu. Wa tatu zuia namba yao.